Kiapo cha Sista Sekela na Vitumbua vya Mama

Juzi nilialikwa bethdei ya mtoto wa jirani. Keki ikaletwa, mtoto akaambiwa apulize, akapuliza na mate juu, watu wakapiga makofi. Mie ile harufu ya utambi uliozimwa ikanipanda puani, nikakunja sura kama nimekanyaga msumari. Mama mwenye shughuli akaniuliza kama pilau ina tatizo. Nikamwambia hapana, kuna mtu nimemkumbuka. Akanipa pole, akidhani ni marehemu. Jamani, marehemu unamkumbuka kwa sura ile? Mtu mwenyewe yupo hai, kahamia Tegeta, kajenga, kaweka na geti. Na mie bado sijamaliza naye.

Enzi hizo tulikuwa tunakaa Mtoni, mama, bibi na mie, vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji. Baba alikuwa keshafariki. Mama alikuwa anakaanga vitumbua kwenye kona inayotokea barabara ya Kilwa. Najua nyie wote mmekula vitumbua, lakini hamjala vya mama. Mchele kauloweka toka jana, nazi kaikuna mwenyewe amekaa kwenye mbuzi, iliki kaiponda muda huohuo. Kitumbua kikitoka pale pembeni kinalia ukikiuma, katikati laini kama shavu la mtoto. Watu wa bodaboda, mafundi wanaowahi saiti, walimu wetu, wote walikuwaga wanakula pale wamesimama, wanapuliza vidole. Kile chuma cha vitumbua ndio kilikuwa baba yetu. Ndicho kilichokuwa kinatulisha, kinatuvisha na kinatulipia pango.

Mama alikuwa anameza kidonge kila siku, na kila baada ya muda anakwenda zahanati kufuata vingine. Mie niliambiwa ni vya presha. Leo naandika bila kuficha kwa sababu nimemuomba ruhusa mwenyewe, akasema niandike, ila niandike na kwamba amenenepa. Basi: mama yangu anaishi na virusi vya ukimwi, alikuwa navyo toka kabla baba hajafariki, na mpaka leo yupo, anagombania rimoti na mie, na amenenepa.

Dawa zile alikuwa anapewa na Sista Sekela. Nesi kijana, mrefu, katokea Mbeya, kapanga nyumba inayotazamana na yetu. Akipita asubuhi na gauni lake jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata, watoto tunashindana nani atawahi kumwamkia. Shikamoo zilikuwa zinamiminika. Mie mwenyewe nilikuwa nataka nikikua niwe yeye. Nilikuwa najifunga kanga nyeupe ya bibi, naidunga miche ya mihogo sindano.

Sasa siku moja Sista Sekela kaenda saluni kwa Mama Zuhura kusuka. Mnazijua saluni za uswahilini, ukishakaa kwenye lile stuli na kichwa chako kipo katikati ya magoti ya mtu, mdomo unafunguka wenyewe. Wakaagiza vitumbua kwa mama, wakala, wakamkaribisha. Yeye akakataa. Wakamuuliza, sista vipi, unajinyima? Akacheka, akasema wao wale tu, ila siku moja wamuulize mpikaji huwa anafuata nini kwenye chumba cha mwisho pale zahanati.

Basi. Hakutaja ugonjwa, hakutaja dawa. Hakuwa na haja. Mtaa mzima ulikuwa unajua chumba cha mwisho pale zahanati wanaingia kina nani.

Kesho yake mama akakaanga kama kawaida. Jua likapanda, ndoo imejaa. Bodaboda mmoja akapita, akageuza uso utafikiri kona yetu inadaiwa. Tukarudi na vitumbua nyumbani, tukala mchana, tukala jioni, tukaamkia vitumbua. Siku iliyofuata hivyohivyo. Bibi akawa analalamika kwamba sasa anacheua nazi tupu. Mama anacheka kidogo, halafu anakwenda uani, anakaa huko muda mrefu kwa mtu ambaye hana cha kufanya uani.

Shuleni Zuhura, mtoto wa yule msusi, ndiye aliyenipa habari. Alinivuta pembeni kwa huruma kabisa, akaniambia mama yake kamkataza kula vitumbua vyetu kwa sababu Sista Sekela kasema mama yangu anakunywa dawa. Mie nikashangaa. Kunywa dawa ndio nini? Bibi yangu anapaka za miguu mpaka nyumba nzima inanuka, mbona hamna aliyemkimbia? Nikafikiri, nikafikiri, nikapata jibu: watu wanaogopa dawa zimedondokea kwenye unga. Na ishu kama hiyo dawa yake si ni matangazo tu.

Kwa hiyo Jumamosi nikasimama kona, kifua mbele, nikawa natangazia kila anayepita kwamba vitumbua vyetu havina dawa, dawa za mama zipo kabatini, kwenye kopo lenye mfuniko, karibuni. Nilikuwa na sauti, nyie. Watu wakasimama. Wakatazamana. Mwanamke mmoja akaziba mdomo na mtandio. Nikageuka kumwangalia mama nikitegemea anipe tano, nikamkuta ameshika kile kijiti chake cha kugeuzia, hageuzi. Vitumbua vikaanza kutoa moshi. Hakunipiga. Alichukua kopo la maji akamwagia mkaa, akakusanya vitu, tukaondoka.

Hapo bibi ndipo alipochachamaa. Bibi yangu ni mtu wa Lindi, mfupi, mweusi tii, na hana utani kwenye mambo ya kuonewa. Akasema sasa anakwenda kwa shehe, Sista Sekela asomewe albadiri. Ile dua inayosomewa mtu aliyekudhulumu, ikimpata anavimba, haachi kujulikana. Mama akakataa. Bibi akasema basi wewe mtoto huna uchungu na nafsi yako. Mama akamjibu taratibu, huku anapepeta mchele ambao hatujui nani atakula vitumbua vyake. "Mama, kabla ya kusoma si watataka kujua wanasoma kwa ajili ya nini? Nikawaambie? Halafu na wao nikawasomee nini wakisema?"

Bibi akanyamaza, lakini alinyamaza kama mtu aliyefunga duka kwa muda. Na mie niliyekaa pale mkekani nikaondoka na neno moja tu kichwani, kwamba kuna kitu ukikifanya mtu aliyekuonea anavimba. Nikawa nasubiri nafasi.

Nafasi ikaja na ngoma na vuvuzela. Ilikuwa siku ya wauguzi, na shule yetu ikapelekwa pale kwenye uwanja wa zahanati kuimba. Manesi wamepangwa mistari, weupe mpaka macho yanauma. Mchana kweupe, jua la utosini, kila mmoja kashika mshumaa unaowaka. Mganga mfawidhi, yaani yule bosi wao pale, anasoma kwenye spika maneno ya kiapo chao cha kila mwaka, nao wanayarudia wote kwa pamoja. Kwamba wataheshimu kila mgonjwa. Kwamba hawatamdhuru. Kwamba siri yake waliyoijua kazini hawataitoa.

Mstari wa mbele kabisa, Sista Sekela. Na sauti yake ilizizidi zote. Nta inamdondokea vidoleni, hatikisiki. Wakamaliza, wakapuliza, ile harufu ikatufikia sie tulikosimama. Wenzangu wanapiga makofi. Mie nilikuwa nahema kama mtu aliyeokota kitu.

Nilifika nyumbani mbio, sikuvua hata viatu. Nikamuuliza bibi mtu akiapa huku kashika moto, halafu akavunja, anakuwaje. Bibi akaacha kuchambua mboga.

"Nani kaapa na moto?"

"Mtu."

"Huyo mtu mwambie akaage kwao," bibi akasema. "Tumbo litaanza kujaa. Kidogokidogo. Linajaa, linajaa, mpaka siku hiyo watu wote waone. Na wewe usimsogelee."

Sijawahi kupata furaha kama ile. Sikuhitaji shehe tena, sikuhitaji kumwambia mtu siri ya mama. Sista Sekela kajimaliza mwenyewe, kwa spika, mbele ya shule nzima. Kazi yangu ilibaki kusubiri na kulikagua tumbo.

Nikawa mkaguzi. Kila asubuhi akitoka natoka. Shikamoo sista, macho tumboni. Siku zikaenda, tumbo lipo bapa kama sinia, mie nikaanza kumdharau yule mganga mfawidhi na kiapo chake dhaifu. Huku nyumbani hali mbaya. Mama alikuwa anakaanga vichache sana, anapeleka mbali ambako hawamjui, anarudi na miguu imevimba. Mwenye nyumba kaanza kuja na sura ya kuulizia pango. Chai tunakunywa na maneno.

Halafu Sista Sekela akaanza kuvaa sweta. Dar es Salaam hii, mwezi wa joto, watu wanalala sakafuni, yeye sweta. Na akawa anatema mate njiani, na akipita mahali wanapokaanga kitu anashika pua. Siku moja bombani akanyanyua ndoo kujitwisha, sweta likapanda juu, nikaliona. Lilikuwa limeanza. Duara, gumu, limetangulia mbele. Nilitaka kulia kwa raha. Nikamshukuru Mungu, nikamuomba radhi mganga mfawidhi.

Mngekuwa nyie mngenyamaza? Mie darasa la nne yule, kisasi kimenijaa mpaka kooni. Jumapili wenzake wa kwaya walikuja kumpitia, wamevaa majoho ya rangi ya zambarau, wanacheka pale nje ya nyumba yake. Nikatoka. Nilikuwa nimeoga na nimepaka mafuta, kwa sababu niliona ni siku kubwa. Nikamkaribia, nikakunja goti vizuri kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo sista. Tumbo limeanza kujaa, eeh? Ni kile kiapo, umekivunja. Bibi kasema litajaa mpaka watu wote waone."

Wanakwaya wote wakaniangalia mie, halafu wakamwangalia yeye, halafu wakaangalia pale nilipokuwa naangalia. Sista Sekela alifanya kosa moja tu, alichukua kile kitabu cha nyimbo akajiziba nacho tumbo. Kama angeacha mikono ikining'inia, labda wangecheka tu, wangesema mtoto mjinga. Lakini kile kitabu ndicho kilichosema. Na mchumba wake alikuwa bado hajatoa hata barua ya posa.

Mie nilijua wanamshangaa kwa kuliwa na kiapo. Nikarudi ndani natembea kwa maringo, nikanywa maji ya mtungi, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Ilipofika jioni mtaa wote unalo. Kwaya ikamsimamisha. Saluni kwa Mama Zuhura walihama kabisa kutoka kwetu, sasa wanasuka kwa habari ya Sekela. Yule msusi aliyekuwa anamwita "sista wangu" ndiye aliyekuwa anahesabu miezi kwa vidole huku anavuta rasta za watu.

Siku ya pili yake mchana Sista Sekela akaja kwetu. Hakupiga hodi ya kazini, alipiga hodi ndogo. Macho mekundu, sweta kavua, hakuna tena cha kuficha. Mama alikuwa anakuna nazi, bibi yupo mkekani, mie nikaitwa nikae pale pale mbele yake. Akaanza kusema mie nimemdhalilisha, nimemuaibisha mbele ya kanisa, kwao wakisikia wamekwisha, kwamba mambo ya mwili wake yalikuwa ni yake, hakuna aliyekuwa na haki ya kuyatoa nje.

Mama alimwacha aseme yote. Mbuzi ya nazi inakwaruza, krr, krr. Halafu akaacha.

"Huyu mtoto nitamshughulikia, ni wangu. Ila huyu hakushika mshumaa, sista. Wewe ulishika."

Sista Sekela akakaa chini. Hakukaribishwa. Akaanza kulia, ile kulia ya mtu mzima yenye aibu, anajifuta na kiganja. Akasema atatengeneza. Atapita nyumba kwa nyumba, kuanzia saluni, awaambie alikuwa anatania, mama hana kitu chochote, sio kweli. Bibi akaitikia, akasema aanze sasa hivi, jua bado lipo.

"Hapana," mama akasema. "Ukienda kusema sio kweli, utakuwa umenisema tena. Usinitaje kwa ubaya, usinitaje kwa uzuri. Mie nataka ule."

"Nile nini, mama?"

"Vitumbua. Kesho asubuhi, pale kona, ukae kwenye benchi, na gauni lako la kazi. Na kesho kutwa. Na siku zote mpaka mie niseme basi."

Sista Sekela akashika pua. "Mama, saa hizi mafuta yananichefua. Harufu tu natapika."

"Najua," mama akasema.

Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba ofisi ya mganga mfawidhi anaijua ilipo, kila akienda chumba cha mwisho anaipita mlangoni. Mpaka leo hajawahi kuingia. Akaendelea kukuna nazi.

Mie nilielewa hivi: kiapo kimechelewa, mama kaamua kukimalizia kwa vitumbua. Nilijua Sista Sekela anakwenda kufa pale benchi. Nikamwalika Zuhura. Tukaenda mapema, tukakaa mbele kabisa juu ya tofali, sare za shule tayari, tusije tukachelewa darasani baada ya kifo.

Akaja. Gauni jeupe, kofia, saa imening'inia kifuani. Akakaa kwenye benchi tupu, kona tupu, yeye peke yake. Mama akampa sahani. Akakishika cha kwanza kwa vidole viwili, akafumba macho, akauma. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Tumbo lile likapanda likashuka. Akatafuna muda mrefu, akameza, na nyie hamjui jinsi nilivyofaidi lile koo lilivyokuwa linapata tabu. Zuhura akaninong'oneza mbona hafi. Nikamwambia subiri cha tatu.

Hakufa na cha tatu. Akaenda nyuma ya ukuta akatapika, akasukutua, akarudi akakaa, akaomba kingine. Kesho yake akaja tena. Na tena. Watu wanaopita wakawa wanaona kitu ambacho hawawezi kukibishia: nesi, mjamzito, na nguo za kazi, anakula vitumbua vya mama kila siku asubuhi. Nesi anajua mambo. Nesi mwenye mimba asingejihatarisha. Kisha mmoja wa bodaboda akasimama, akauliza kama kuna vya moto. Halafu fundi mmoja. Halafu mwalimu wetu wa hesabu, anajifanya alikuwa safarini. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mama alimtumia yule dada kama kibao cha dukani, na hakumlipa hata kwa tabasamu. Kuna watu wananiambia kulipiza hakumpi mtu kitu. Sie kulitupa pango, viberiti, na sare mpya.

Na mie hasira haikuisha, nawaambia ukweli. Kila nikimwona anakula naona ile ndoo iliyokuwa inarudi imejaa. Tumbo likazidi, akawa anakaa miguu wazi kama mzee wa baraza, na kile kichefuchefu kikamwisha, akaanza hadi kuvipenda. Hilo ndilo liliniudhi kuliko yote. Adhabu gani hiyo mtu anaramba vidole?

Asubuhi ya mwisho, mie sikujua ni ya mwisho, kona ilikuwa imejaa. Watu mbele, watu pembeni, mama anageuza kwa mikono miwili. Mara akatokea Mama Zuhura, yule msusi, hotipoti kwapani. Hakuwahi kurudi kununua toka siku ile ya saluni. Akajipenyeza mpaka mbele, akamkuta Sista Sekela kwenye benchi na sahani yake. Akatabasamu lile tabasamu la saluni, na akapaza sauti kila mtu asikie.

"Sista, hebu leo tuambie basi maana wewe ndiye mjuzi. Hivi huyu mama ana nini hasa?"

Bodaboda mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono apokee chenji, mkono ukabaki hewani. Mama hakuinua kichwa, lakini kijiti kiliacha kugeuza. Nikaona kabisa mabega yake yanavyojiandaa. Sista Sekela alikuwa na kitumbua mdomoni. Akakitafuna mpaka kikaisha. Akajifuta mafuta na mgongo wa mkono.

"Ana foleni, Mama Zuhura. Nenda nyuma."

Watu waliangua kicheko mpaka mmoja akamwaga chai. Mama Zuhura akaangalia nyuma yake, akakuta ni kweli wapo wengi, na wote wanamuonyesha kwa kidevu wapi pa kusimama. Akaenda. Mie nikanuna. Lilikuwa jibu zuri mno, lilitakiwa litoke kwangu, mie ndiye mwenye mdomo kwenye ule mtaa.

Mama akaanza tena kugeuza. Akageuza vyote, kimoja kimoja, akaviopoa kwenye sinia. Halafu bila kumwangalia mtu akaniambia, "Muongezee sista kimoja. Halafu mwambie basi, inatosha."

Nikachukua sahani. Nikaviangalia vyote pale kwenye sinia, sikuwa na haraka. Nikamchagulia kilichoungua.